Msibani kwa Bibi wa Chini

Habari ya kifo cha Bibi wa Chini aliileta Kasuku, mkoba wa shule ukiwa bado mgongoni. Aliwakuta wazazi wake mezani, akasimama katikati ya chumba bila kuvua viatu, jambo ambalo siku nyingine lingemtia matatani.

"Bibi amefariki," alisema. "Wamemtoa sasa hivi. Wamemfunika mpaka usoni."

"Bibi yupi?" mama yake aliuliza, ingawa katika jengo zima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye wao walimwita bibi.

"Wa chini, Mama."

Mama Kasuku aliweka kijiko mezani, akaketi vizuri kama mtu anayejiandaa kusikiliza zaidi, lakini hapakuwa na zaidi. Machozi yalimtoka bila sauti. Mumewe, ambaye watu wa kwao bado walimwita Fundi kwa ajili ya kazi ya kuchomelea vyuma aliyoiacha nyumbani, alisema Mungu amlaze pema, na alisema kwa moyo mweupe. Ila mawazo hayana adabu. Kitu kilichomjia mara tu baada ya dua hiyo kilikuwa Alhamisi, akajionea haya.

Alhamisi ndiyo siku ambayo Bibi wa Chini aliahidi kufuatana nao kwa Wakala wa nyumba. Mkataba wao ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na safari hii Wakala alikuja na sharti jipya: mpangaji mgeni lazima adhaminiwe na mwenyeji, mtu aliyezaliwa pale, mwenye mali, kazi ya kudumu au pensheni. Fundi alimkumbusha kwamba hawajawahi kuchelewesha kodi. Wakala alikubali, tena kwa tabasamu. "Si ninyi," alisema. "Ni utaratibu." Fundi alikuwa ameishi pale muda wa kutosha kujua kwamba utaratibu ni jina la mtu asiyetaka kutajwa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Familia hii ilipewa jembe siku ile ile ya kushuka, na hawakuona ubaya, maana jembe ndilo walilolifuata. Fundi alipakua samani katika ghala. Mkewe alianza kusafisha ofisi kabla wenye ofisi hawajaamka, akamaliza mchana. Kilichowachosha ni kwamba miaka ilipita na wao walibaki siku ya kwanza. Ndani ya basi, kiti cha pembeni mwa Fundi kilikuwa cha mwisho kukaliwa, na watu wengine waliona heri kusimama njia nzima. Siku hizi alisimama yeye, viti vyote viwili akawaachia, kuwapunguzia taabu. Dukani, muuzaji aliweka chenji juu ya kaunta huku kiganja cha Mama Kasuku kimekwisha kunyooshwa. Na mpangaji wa mlango wa pili, mama mmoja mwenye nywele za mvi zilizotengenezwa vizuri, alikuwa akisikia hatua zao kwenye ngazi tu, anafunga komeo la kwanza, la pili, na mnyororo. Kasuku alimpa jina la Mama Kufuli.

Walijifunza kuishi kama watu walioazima chumba chao wenyewe. Hodari wa jambo hili alikuwa Fundi. Ndiye aliyesema "shii" mtu akicheka, ndiye aliyekataza kiti kuburutwa, na akipiga simu nyumbani alinong'ona mpaka shangazi yake akaanza kumwombea dua akidhani anaumwa kifua.

Vyumba vingine walivitafuta. Kazi hiyo ilikuwa ya Kasuku, na ndiyo sababu ya jina lake: alikuwa na miaka kumi na mitatu na lugha ya wenyeji aliisema kuliko baadhi yao. Alipiga simu, akaambiwa chumba kipo, njooni leo. Wakafika wote watatu, wamevaa vizuri. Mlango ukafunguliwa, macho yakawapitia juu mpaka chini, na chumba kikawa kimechukuliwa asubuhi hiyo hiyo. Hilo lilitokea mara nyingi kiasi kwamba Kasuku alianza kukataa kwenda. Alisema hataki kuziona zile nyuso zikibadilika.

Alikuwa amebaki Bibi wa Chini peke yake.

Urafiki wao ulianza kwa malezi mazuri. Mama Kasuku hakuweza kupita mlango wa mzee bila kumwamkia, basi kila akishuka alisema shikamoo kwa ule mlango uliofungwa, akaenda zake. Akafanya hivyo majira mengi, mpaka siku moja mlango ukafunguka na mwanamke mkongwe, mwembamba, mwenye miguu iliyovimba, akamuuliza kwa ukali ni kitu gani hicho anachomwambia kila siku. Kasuku akafasiri. Bibi akafikiri, kisha akasema kwamba ameishi pale tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kumsalimia mara mbili kwa wiki moja. Akawaambia waingie, akawaonya wasikanyage zulia.

Alikuwa mshona mapazia mstaafu, mwenye ulimi wa pilipili. Mama Kasuku alimkata kucha za miguu, kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuinama, akampaka mafuta, na Bibi akamfundisha majina ya mboga na ya watu wa kuepuka. Bibi alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyeishi mji mwingine na kumpigia simu kila Jumapili. Mara nyingi alipopiga, Mama Kasuku alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti cha dirishani.

*

"Mwanawe atakuja kuzika," Fundi alisema, siku mbili baadaye, akifunga kamba za viatu. "Zungumza naye."

"Nizungumze naye nini?"

"Unajua nini. Mwambie mama yake aliahidi."

Mama Kasuku alikuwa akipiga pasi gauni lake jeusi. Aliigeuza mikono kwanza, akainyoosha. "Msibani haombwi mtu kitu, Baba Kasuku. Mwenye msiba anaombewa."

"Kufa kufaana."

"Walisema hivyo kwa masikitiko. Wewe unasema kama mtu anayehesabu viroba."

Fundi alikaza kamba ya kiatu cha pili. Hakuwa mtu wa roho mbaya, alikuwa na hofu tu, na hofu ikikaa na mtu muda mrefu huanza kuzungumza kwa niaba yake. "Mimi pia nilimpenda yule mzee," alisema. "Lakini yeye amepata mahali pa kulala. Sisi mwisho wa mwezi tuna nini? Tutakwenda kubanana kwa watu, na mtoto aache shule yake?"

"Nitakwenda kumlilia Bibi," alisema mkewe. "Mengine Mungu anajua."

Mazishini hakuweza kufika. Alimwomba ruhusa msimamizi wake wa usafi, naye akamuuliza marehemu ni nani yake. Akajibu kwamba ni jirani. Msimamizi alimweleza, taratibu kama anavyoelezwa mtoto, kwamba ruhusa ya msiba hutolewa kwa ndugu na kwamba jirani si ndugu. Mama Kasuku aliinua ndoo yake akaendelea na kazi, lakini maneno yale yalimkaa rohoni kutwa, kwa sababu hakuwahi kuyasikia yakisemwa na mtu mzima.

Alipotoka kazini alipita dukani akanunua sukari na majani ya chai. Mkono mtupu haulambwi, na msibani hauendi. Kasuku alimngoja mlangoni pa jengo, wakaingia pamoja.

*

Mlango wa Bibi wa Chini ulikuwa wazi kabisa, jambo ambalo yeye mwenyewe asingelivumilia. Sebule ilijaa watu waliotoka makaburini, wenye nguo nyeusi na sauti za chini. Mlangoni alisimama mkwe wa marehemu, mwanamke mrefu aliyekuwa akiwapokea wanaoingia kwa kuwashika mkono. Alimwona Mama Kasuku uso, akaona kilemba, akaona mfuko wa dukani.

"Pole sana," alisema Mama Kasuku kwa lugha ya wenyeji.

"Asante. Jikoni ni pale kushoto," alisema mkwe, na mkono wake ukaenda kwa mtu aliyefuata.

Hapo ndipo kosa lilipotendeka, na lilitendeka pande zote mbili kwa nia njema. Mkwe alikuwa ameomba kampuni ya wahudumu imletee mtu wa jikoni, akaambiwa mtu huyo huenda akachelewa, au asifike kabisa. Alipomwona mwanamke mgeni na mfuko wa sukari, alishukuru kwamba amewahi. Naye Mama Kasuku alisikia jikoni, moyo wake ukajaa. Kwao, sebuleni huketishwa watu wa mbali. Anayeambiwa aende jikoni moja kwa moja, bila karibu wala keti, ni mtu wa ndani, ni dada, ni wifi. Alidhani Bibi alimtaja kwa watu wake, na sasa wamempokea kama alivyostahili. Katika miaka yote ya ugeni hakuna mlango uliowahi kumpokea hivyo.

Akakunja mikono ya gauni. Jiko alilijua kuliko wenye msiba. Alijua birika lenye mpini uliolegea, alijua kikombe ambacho Bibi hakutaka kiguswe, akakiweka juu kabisa. Akachemsha maji, akaosha vikombe, akavijaza, akaosha tena, na huku akiosha akawa anamlilia Bibi wa Chini kimya kimya, machozi yakidondokea kwenye povu. Alikuwa na huzuni na alikuwa na furaha, vyote kwa pamoja.

"Mama," alisema Kasuku, "twende tukakae na wenzetu."

"Kule wanakaa wageni. Sisi si wageni hapa."

"Mama, wanadhani umeajiriwa."

"Nani amekuambia?"

"Yule mama wa mlangoni ameniuliza kama kampuni inakuruhusu kuja na mtoto kazini."

Mama Kasuku alicheka kidogo puani. "Labda wewe hukusikia vizuri. Na hata kama wamesema kazi, ni nani asiyefanya kazi penye msiba? Chukua hii trei upeleke. Toa kwa mkono wa kulia."

Kasuku alichukua trei. Alikuwa katika umri ambao aibu huingia mwilini kama homa, na aliipita sebule ile akiangalia vikombe tu. Ndipo aliposikia jambo lililomfanya ainue macho. Pembeni mwa dirisha, kile kiti cha Bibi kilikuwa kitupu, na mtoto wa marehemu, mtu mzima mwenye macho mekundu, alikuwa akimuuliza mkewe kama rafiki wa juu amekwisha kufika.

"Mama alimtaja kila Jumapili," alikuwa akisema kwa watu waliokaa karibu. "Rafiki yangu wa juu kafanya hivi, rafiki yangu wa juu kasema hivi. Sikupata kumwona. Nataka akae pale alipokuwa akikaa, nimshukuru."

Mkwe alitazama huku na huku. Macho yake yakatua kwa mwanamke mwenye mvi zilizotengenezwa vizuri. "Samahani, wewe unaishi hapa juu?"

"Naishi juu, ndiyo," alisema Mama Kufuli.

"Ndiye wewe, basi. Rafiki yake Mama."

"Tulikuwa majirani wa miaka mingi," alisema Mama Kufuli, na hilo halikuwa uongo. Alishikwa mkono, akaketishwa dirishani. Mtoto wa marehemu aliinama mbele yake akamshukuru kwa sauti iliyokatikakatika, kwa miguu ya mama yake, kwa saa zote alizompa. Mama Kufuli alikodoa macho kama mtu aliyepanda gari lisilo lake na gari limekwisha kuondoka. Kasuku alikuwa amefika mbele yake na trei. Walitazamana. Mama Kufuli ndiye aliyeondoa macho kwanza.

"Bila sukari," alisema, akachukua kikombe.

Kasuku alirudi jikoni akamwambia mama yake yote. Mikono ya Mama Kasuku ilisimama ndani ya maji.

"Wamemketisha yeye?"

"Kwenye kiti chako, Mama. Wamemshukuru kwa kumpaka Bibi mafuta. Nenda ukawaambie."

Mama Kasuku aliangalia mlango wa sebule, na alitamani, asiseme mtu kwamba hakutamani. Kisha akachukua kikombe kingine. "Mwache akae," alisema. "Mbele ya msiba hakugombewi kiti. Bibi anajua nani alikuwa nani."

"Bibi amekufa. Na Baba kasema umwambie huyo mtu habari za sahihi."

"Nimemsikia baba yako. Osha hizo sahani."

*

Watu walipokwisha kuondoka, mtoto wa marehemu aliingia jikoni mwenyewe. Alikuwa mtu wa heshima, na hilo lazima lisemwe. Wengine wangemtuma mke.

"Asante sana," alimwambia Mama Kasuku. "Umetusaidia mno. Kila mtu ameisifu chai." Akamshika mkono, akaweka noti ndani ya kiganja chake na kukifunga vidole taratibu. "Najua kampuni inakulipa. Hii ni kutoka kwetu."

Mama Kasuku alifungua kiganja. Maneno mengine yalikuwa yamempita, lakini pesa haihitaji mfasiri. Mchana mzima ukamgeukia, neno la mlangoni, mkono ulioenda kwa mtu mwingine, swali aliloulizwa Kasuku, vyote vikapanga foleni mbele yake. Hakuona aibu ya kudhaniwa mtumishi, utumishi ndiyo kazi yake ya kila siku. Aliona aibu ya kuwa alifurahi. Alisimama pale jikoni saa hizo zote akijiona ndugu, na hapakuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba ile aliyejua.

"Mwambie sichukui," alimwambia Kasuku, akaziweka noti juu ya meza. "Mwambie nimekuja kutoa pole, basi."

"Mama anasema hachukui," Kasuku alifasiri. "Hana kampuni. Amekuja kutoa pole." Angeishia hapo, kama alivyotumwa. Lakini aliendelea. "Yeye ndiye wa juu. Ndiye aliyekuwa anamkata Bibi kucha. Yule mliyemketisha hajawahi hata kumsalimia."

Mtu yule alimtazama mtoto, akamtazama mama, akaitazama mikono iliyonywea kwa maji. Uso wake ulipitiwa na rangi kadhaa.

"Lakini," alisema, "Mama hakuniambia kama ni mgeni."

"Kasemaje?" aliuliza Mama Kasuku.

Kasuku alitaka kulimeza neno hilo, akashindwa. Akalifasiri.

"Hakumwambia?"

"Ndivyo anavyosema."

"Jumapili zote hizo?"

Mama Kasuku akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba, na tabasamu lile lilimchanganya mwenzake zaidi. Kuna neno alilokuwa ameitwa dukani, ofisini, na hata na watu waliomtakia mema. Kumbe alikuwepo mtu mmoja aliyemzungumzia juma hata juma, na neno hilo halikumjia mdomoni.

Kasuku aliona yule mtu amechanganyikiwa, akadhani ni mlango wa kusemea. Akamwaga yote kwa pumzi moja: Wakala, mwisho wa mwezi, ahadi ya Bibi, Alhamisi. Mama yake alilisikia jina la Wakala, akamfinya begani, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Nitapanda kesho," alisema mtu yule. "Tutazungumza."

*

Fundi aliomba kubadilishiwa zamu. Alifagia chumba mara mbili, akanunua biskuti za bati, akakaza skrubu ya kiti cha mgeni kwa kisu cha jikoni. Mkewe hakumwambia neno. Alimwonea huruma.

Mtoto wa marehemu alikuja mchana. Aliketi ukingoni mwa kiti bila kuvua koti, akapokea chai. Alizungusha macho chumbani, akaona kitanda nyuma ya pazia, vitabu vya Kasuku juu ya kabati, sufuria zinazong'aa. Alisema kwamba wanakaa kwa usafi sana, kwa mshangao aliojaribu kuuficha.

"Nimezungumza na mke wangu," alianza, na Kasuku akafasiri. "Tumesikitika sana kwa yaliyotokea jana. Lakini kudhamini ni jambo zito. Mtu humdhamini mtu anayemjua."

"Mama yako alitujua," alisema Fundi.

"Mama alikuwa mzee. Alimpenda kila mtu."

Kasuku alipofasiri hilo, Mama Kasuku karibu acheke. "Mwambie Bibi aliwapenda watu wawili, na mmoja ni yeye. Huyo Wakala, Bibi alimwita mbuzi mbele ya macho yake."

Mtu yule alitabasamu bila kutaka, maana alimtambua mama yake. Kisha akarudia kwamba si suala la wao kama wao. Kuna sheria, kuna mambo ya urithi, si wakati mzuri. Fundi aliitikia kila neno kwa kichwa, kama alivyokuwa akiitikia ghalani, na kila alipoitikia mabega yake yalishuka kidogo. Mkewe aliona, na lililomwuma zaidi lilikuwa lile bati la biskuti, lililofunguliwa katikati ya meza, ambalo hakuna aliyeligusa.

"Ila kuna jambo ninaloweza kufanya," alisema mgeni wao. "Nyumba ya Mama lazima ikabidhiwe ikiwa tupu. Mkeo anajua kila kitu kilipo. Akisafisha na kufunga vitu, nitamlipa vizuri. Vizuri sana."

Fundi alimtazama mkewe. Kasuku naye alimtazama. Mama Kasuku alifuta mikono yake kwenye khanga, ingawa ilikuwa mikavu.

"Mfasirie hivi," alisema, "na usipunguze. Kuna watu wawili wanaoweza kuniomba nikavikusanye vitu vya Bibi. Akiniomba mfiwa, nashuka sasa hivi, na sitaki hata senti, na hiyo sahihi yake sitaiulizia tena. Akiniomba mwajiri, nina bei. Aseme mwenyewe yeye ni yupi."

Kasuku alifasiri. Alifasiri vizuri, alijua, kwa sababu yule mtu aliinamisha kichwa akatazama ndani ya kikombe chake. Midomo ilimtetemeka, na Kasuku aliamini kwamba atalia, kwamba akilia tu mama yake atainuka amshike, na mambo mengine yote yatajipa.

Mtu yule alitia mkono ndani ya koti, akatoa pochi.

"Ni bora kila mtu apate haki yake," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Mama Kasuku akataja bei. Ilikuwa bei ambayo hakuwahi kuitaja maishani, mpaka Fundi akakohoa. Mwenyeji alilipa papo hapo, bila kuomba apunguziwe, akawaaga kwa kuwashika mikono wote watatu, akamsifu Kasuku kwa lugha yake nzuri. Pesa hiyo ndiyo waliyokuja kukodia gari la kuhamia upande wa pili wa mji, kwa mtu wa kwao mwenye vyumba viwili na watoto wanne, mbali na shule ya Kasuku.

Mtu yule alipokwisha kushuka, Mama Kasuku aliketi sakafuni, akaegemea kitanda, akalia. Hakulia kama alivyolia jikoni. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwao, akimwita Bibi, akimuuliza nani sasa atamwonya asikanyage zulia, akiisimulia miguu yake, kucha zake, ulimi wake. Sauti ilijaza chumba, ikatoka nje kwenye ngazi.

Ukuta ukagongwa. Mama Kufuli aligonga mara ya kwanza kwa kiganja, mara ya pili kwa kitu kigumu zaidi.

Kasuku alimgeukia baba yake, akingoja aseme shii. Fundi aliinuka kitini, akaja akapiga magoti karibu na mkewe, akamwekea mkono mgongoni.

"Lia, Mama Kasuku," alisema, na hakunong'ona. "Lia. Wewe ndiye uliyefiwa."